Asiyepigana ndani ya kikosi cha wapiganaji: njia nne za kumweka, au kumwacha nje

Ukiwa unabuni kikosi cha katuni ya mapambano, nafasi nne za mwanzo hujijaza zenyewe: kiongozi, mwenye nguvu, mwenye kasi, mjanja. Nafasi ya tano ndiyo huleta ubishi. Mmoja atasema weka mtu asiyetaka kupigana, hadithi ipate uzito. Mwingine atajibu kwamba mtu huyo atakula kurasa bure, maana aliyefungua katuni ya ngumi anataka ngumi. Ubishi huu utaukuta kwa vijana wa Mtwara na Lindi wanaochora hadithi zao, wengine kwa penseli kwenye daftari, wengine kwenye simu kwa programu ya kuchorea ya ibisPaint, na kila upande una mifano yake kutoka kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, zilizotazamwa mpaka alfajiri.

Shida ni kwamba wanaobishana huwa hawamzungumzii mtu yuleyule. Mpenda amani wa kwenye anime anakuja kwa sura tatu zisizofanana, na kuna njia ya nne ambayo ni kutomweka kabisa. Nimezipitisha zote nne kwenye vipimo vilevile hapa chini. Wasiopenda kutobolewa siri wajihadhari, kwa sababu nitataja miisho ya baadhi ya hadithi.

Vipimo

Cha kwanza ni kazi. Ngumi ya kwanza ikirushwa, mtu wako anafanya nini? Kama jibu ni kusimama pembeni akipiga kelele "acheni jamani", umeongeza mtazamaji mwenye jina.

Cha pili ni gharama: kukataa kwake kunamgharimu nani? Nakipa hiki uzito kuliko vingine vyote. Msomaji humsamehe mhusika karibu kila kosa, ila hamsamehe anayetunza usafi wa mikono yake kwa damu ya wenzake huku mwandishi akijifanya haoni.

Cha tatu ni mwendo. Wazo linalonoga katika sura ya kwanza linaweza kuwa limechacha kufikia sura ya ishirini. Cha nne ni msuguano: uwepo wake unawafanya wenzake waseme au watende nini ambacho bila yeye wasingekifanya?

Ili kipimo kiwe kimoja, nitatumia tukio moja kwa wote. Ni msimu wa korosho. Usiku, lori linatoka upande wa Tandahimba kuja Mtwara mjini kupitia Nanyamba, limejaa magunia ya kangomba. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni ununuzi wa korosho wa kificho, nje ya vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani, mfumo rasmi wa kuuza mazao yaliyowekwa ghalani. Mnunuzi humvizia mkulima akiwa na msiba au ada ya mtoto, akazichukua korosho zake kwa bei ya kutupa. Kikosi chetu cha watu watano kimeliziba lori njia. Juu kuna walinzi wanne wenye mapanga. Pembeni ya dereva amekaa bosi mwenye nguvu zisizo za kawaida. Tuseme anayatawala mafuta ya maganda ya korosho, na kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua mafuta hayo yanavyobabua ngozi hata bila uchawi. Nyuma ya lori kuna utingo wa miaka 16, kijana wa kijiji kimoja na mmoja wa watu wetu.

Njia ya kwanza: hainui mkono dhidi ya mtu yeyote

*Kazi.* Huyu ndiye mgumu kuliko wote kumwandika, na ndiye anayelaumiwa sana kwa makosa ya mwandishi wake. Lazima awe na uwezo ambao wanne wengine hawana, na uwezo huo uonekane kwa macho, maana katuni ni picha. Mfano ninaoupenda ni Thorfinn wa Vinland Saga, msimu wa pili, uliorushwa 2023. Jeshi la Mfalme Canute limekuja kulichukua shamba alilokuwa mtumwa, naye anataka kuzungumza na mfalme. Wanamcheka. Anakubali kupigwa ngumi mia moja na askari jitu, asirudishe hata moja, ili mradi apewe nafasi ya kusema. (Thorfinn hajaifuta ngumi moja kwa moja maishani mwake, ameiweka mwisho kabisa wa orodha, lakini hapo hairushi.) Angalia mchoraji alichopewa katika tukio hilo: uso unavimba hatua kwa hatua, miguu inatetemeka na haianguki, watazamaji wanaanza na kejeli kisha wanabadilika mmoja mmoja. Ni pambano kamili, na msisimko wake haupungui hata chembe.

Kwenye lori letu, mtu wa aina hii anaingia kwenye mwanga wa taa akiwa mikono mitupu na kumwita utingo kwa jina. Anamuuliza kama mama yake anajua korosho za nani zimo humo nyuma. Kijana anaruka chini na kuondoka na turubai. Bosi bado ana walinzi wanne, lakini siri imeshapata shahidi, na hakuna ngumi ambayo ingeifanya kazi hiyo.

*Gharama.* Ngumi mia moja zilitua kwenye uso wa Thorfinn mwenyewe, ndiyo maana tunamwamini. Malkia Otohime wa One Piece naye alilipa: alizunguka akikusanya saini za samaki-watu waliokuwa tayari kuishi na binadamu, sanduku la saini likachomwa moto, na yeye akapigwa risasi akafa. Wanawe wakabaki na mzigo aliouacha. Huwezi kusema mwandishi alimpendelea.

Sisi wa kusini hatuna sababu ya kuandika kukataa kana kwamba ni bure. Julai 1905, katika vilima vya Matumbi upande wa Kilwa, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kung'oa mche hakumwagi damu, lakini pande zote mbili zilielewa kwamba vita imeanza, ile tunayoiita Majimaji. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani Agosti ya mwaka huohuo, na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa iliua wengi kuliko risasi. Anayechora mkataa vita katika ardhi hii ana historia nzima ya kumwonyesha kwamba adui huwa halali anapokataliwa. Mwonyeshe akijibu, na uonyeshe jibu lake limemwangukia nani.

*Mwendo.* Hapa njia hii ina udhaifu wa kweli. Aliyeingia Vinland Saga kwa ajili ya vita vya msimu wa kwanza alikutana na msimu wa pili wa kung'oa visiki, kulima na kuota ndoto mbaya, na kuna walioshuka njiani. Mimi nauona ndio msimu bora kati ya miwili, lakini anayetoa kurasa sita kwa wiki kwenye kundi la WhatsApp hawezi kujitetea kwa hoja hiyo. Wasomaji wake watakuwa wameshahama. Kama mhusika wako anazuia kila pambano, hadithi inakufa. Kama kila mara anashindwa kulizuia, anakuwa kichekesho. Mpe ushindi mchache wenye maana, na katikati umpe mambo ya kujifunza.

*Msuguano.* Ni tele, hadi swali linalowashinda wengi: kwa nini kikosi hakimfukuzi? Anawachelewesha, anawapinga mbele ya adui, na bado wanamlisha. Anime nyingi hujibu kwa kumfanya mdogo wa kiongozi au mchumba wa mtu. Sisi tuna jibu zuri zaidi nyumbani, nalo ni utani. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanaujua vizuri. Mtani huingia msibani akamfanyia vituko mfiwa, akamdai hela, akasema mbele ya umati maneno ambayo ndugu wa damu asingethubutu, na anayemkasirikia ndiye anayeonekana hana adabu. Mfanye asiyepigana awe mtani wa kiongozi. Ghafla ana haki ya kumkatalia amri, kumzomea akishika panga kwa hasira, hata kujilaza njiani mbele ya kikosi kizima, na mila yenyewe inamlinda. Wala si mtakatifu anayehubiri; ni msumbufu mwenye kibali. Sijamwona mhusika huyo kwenye anime yoyote, na ningemsoma kwa furaha.

*Anamfaa nani.* Mwandishi anayejua tangu mwanzo hadithi yake itaishia wapi, na ambaye mazungumzo anayaandika vizuri kuliko anavyochora mateke.

Njia ya pili: anapigana, ila haui

*Kazi.* Hapa swali la kazi halipo. Kenshin wa Rurouni Kenshin, muuaji wa zamani anayezurura Japani ya mwaka 1878, ana upanga uliogeuzwa: makali yako upande wa ndani, kwa hiyo pigo lake linavunja mfupa bila kukata. Vash wa Trigun ni mpiga bastola mkali anayejitahidi risasi yake isimuue mtu. Wote wawili wamo katikati ya kila pambano. Silaha ya Kenshin ni somo kwa mchoraji, kwa sababu kiapo chake kinaonekana kwenye chuma, na kila anapoichomoa msomaji anakumbushwa bila neno moja.

Mtu wa namna hii huwa hodari kuliko wenzake, na kwa sababu nzuri. Kuchagua kutoua katikati ya mapanga kunataka ustadi mara mbili ya kuua. Kwenye lori, anavunja mapanga manne kwenye mipini, anamfunga bosi kwenye mkorosho, na anaondoka na jasho tu.

*Gharama.* Hapa ndipo njia hii hudanganya, kwa sababu gharama yake huja baadaye na mahali pengine. Bosi amefungwa mkoroshoni. Kesho wakili wake yupo mjini, na mwezi ujao nyumba ya mkulima aliyetoa ushahidi inaungua. Ukiiacha nyumba hiyo nje ya kurasa zako, umeficha risiti.

Waandishi wakubwa nao huchepuka. Shishio, adui mkubwa wa Kenshin, hafi kwa mkono wa Kenshin. Mwili wake ulioungua unapandisha joto kupita kiasi na kumteketeza mwenyewe. Ni tukio zuri kulitazama, lakini pia limemwokoa Kenshin na swali ambalo hadithi nzima ilikuwa inamsogezea. Trigun ya 1998 haikumwokoa Vash. Katika sehemu ya 24 adui wake Legato anawashika watu kwa nguvu za akili, Meryl na Milly, wenzake wa safari, wako karibu kuuawa, na mlango pekee uliobaki ni kumpiga Legato risasi. Vash anampiga. Sehemu inayofuata tunamwona mtu aliyevunjika ndani. Kuna watazamaji waliosema kiapo kilikuwa cha uongo basi. Mimi nasema kilikuwa cha kweli, na ndiyo maana kilipovunjika kiliuma.

Katika hadithi hiyohiyo kuna kumbukumbu ya utotoni ya Vash na pacha wake Knives: kipepeo amenasa kwenye utando wa buibui. Vash anataka kuwaokoa wote wawili. Knives anamponda buibui, hoja yake ikiwa kwamba kipepeo akipona buibui atakufa njaa. Ukiweza kuandika tukio dogo la namna hiyo kwa ajili ya hadithi yako, sura hamsini zinazofuata zina mahali pa kusimama.

*Mwendo.* Katika njia zote nne hii ndiyo inayodumu. Adui asiyeuawa anaweza kurudi kama mshirika, au akarudi mbaya zaidi, na kila adui mpya ni jaribio jipya la kiapo kilekile. Hatari ni mazoea: ikifika mara ya kumi msomaji anajua hakuna atakayekufa, na hofu inaisha. Dawa ni kumsogeza karibu na kuvunja, kama muuaji Jin-e alivyomteka Kaoru, msichana aliyempokea Kenshin nyumbani kwake, na Kenshin akaanza kurudi kuwa muuaji mbele ya macho yetu, mpaka Kaoru mwenyewe akamzuia.

*Msuguano.* Haupatikani bila mtu wa kumpinga, na mtu huyo lazima awe na hoja. Kenshin ana Saito, ambaye kwake uovu unakatwa papo hapo. Vash ana Wolfwood, mchungaji anayebeba bunduki yenye umbo la msalaba, aliyempiga risasi mtoto muuaji kwa sababu aliona hakuna namna nyingine. Ukimfanya mpinzani wa ndani kuwa mkatili tu asiye na akili, umempa mhusika wako ushindi wa bure.

Kuna tawi la njia hii ambalo wachoraji wengi hulipita. Katika Bleach, Chad alimwahidi babu yake kutotumia ngumi zake kwa ajili yake mwenyewe. Anapigwa na hajibu. Lakini yeye na rafiki yake Ichigo, shujaa wa hadithi, wana makubaliano: kila mmoja atapigana kwa ajili ya mwenzake. Kwa kikosi hilo ni jambo zuri kupita kiasi, kwa sababu mwiko wa mtu mmoja unageuka kamba ya kuwafunga wawili.

*Anamfaa nani.* Anayetaka mapambano mengi na hadithi ndefu, na aliye tayari kuonyesha kilichotokea baada ya kikosi kuondoka.

Njia ya tatu: ana kazi nyingine

*Kazi.* Tabibu, fundi, mpishi, nahodha. Hapigani kwa sababu mikono yake ina shughuli. Katika Naruto, Tsunade aliweka sheria kwa matabibu wa kininja, miongoni mwake kwamba tabibu hasimami mstari wa mbele, na kwamba yeye ndiye anayepaswa kufa wa mwisho katika kikosi. Hiyo ni hesabu ya kijeshi, haina uhusiano na upole, na inajibu kabla halijaulizwa lile swali la "mbona hapigani?"

Winry wa Fullmetal Alchemist anatengeneza mkono na mguu wa chuma wa Edward. Mkono ukivunjika, shujaa wetu anarudi kwake kichwa chini. Kwenye hadithi yetu mtu huyu anaweza kuwa fundi wa madau wa Mikindani, anayejua kila mbao na kila njia ya maji, au nesi wa zahanati aliyezoea kutibu majeraha ya mafuta ya korosho. Usiku wa lori yuko nyuma ya mti na ndoo ya maji na bandeji. Mmoja wa kikosi akibabuliwa, anajua cha kufanya. Halafu mlinzi wa adui naye anababuliwa na bosi wake mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanaponoga: je, atamtibu?

*Gharama.* Mara nyingi ni ndogo, na ndiyo sababu mhusika huyu husahaulika. Winry hakusahaulika kwa sababu alidaiwa. Wazazi wake walikuwa madaktari waliowatibu vitani Waishvali, watu wa kabila lililokuwa likishambuliwa katika hadithi hiyo, na Scar, Mwishvali, ndiye aliyewaua. Anapojua hilo anaokota bastola, anamlenga, na anashindwa kufyatua. Baadaye sana, Scar akiwa amejeruhiwa, ni yeye anayemfunga bandeji, akiweka wazi kwamba hajamsamehe. Anafanya ambacho wazazi wake wangefanya. Matukio hayo mawili ukiyaweka pamoja, yana uzito kuliko mapambano mengi ya sehemu zote 64 za Brotherhood.

*Mwendo.* Anadumu, ila kuna shimo ambalo karibu kila mmoja huangukia: kutekwa. Orihime wa Bleach ana uwezo wa ajabu wa kurudisha kilichoharibika, na shambulio lake ni dhaifu kwa sababu moyo wake hauna nia ya kuua. Wazo zuri kabisa. Kisha anachukuliwa, na kwa muda mrefu kazi yake inakuwa kungojewa kuokolewa. Tabibu wako akitekwa mara moja, ni hadithi. Akitekwa mara mbili, msomaji ameshakujua.

Jambo linalonikera hapa, na niliseme: kwa nini fundi na tabibu asiyepigana karibu kila mara ni msichana, na mpigaji ni mvulana? Huku kwetu aliyewahi kumwona nyakanga akiendesha unyago hawezi kusema wanawake wa kusini ni watu wa kusubiri kuokolewa. Mpe shangazi panga, na kijana mwenye misuli umpe bandeji. Utapata vichekesho, na utapata mawazo mapya bila kutoka jasho.

*Msuguano.* Ni mdogo kuliko kwenye njia mbili za mwanzo, mpaka siku ya kumtibu adui. Siku hiyo moja inaweza kubeba sura tatu.

*Anamfaa nani.* Anayeanza. Huhitaji falsafa, unahitaji kuijua kazi moja vizuri mpaka msomaji aamini.

Njia ya nne: kikosi kisiwe naye

Wanaoitetea njia hii huonekana kama hawapendi kufikiri, na si haki. *Kazi* na *mwendo* vinarahisika: kila aliyepo anapigana, kila ukurasa unaenda mbele, na mtoto wa darasa la tano anaelewa. Lori linavamiwa, mapanga yanalia, bosi anaanguka.

*Gharama* haiondoki, inahamia kwa waliouawa, na mwandishi anachagua kama atawatazama. Tanjiro wa Demon Slayer anakata vichwa vya mapepo, hana kiapo chochote cha kutoua. Lakini pepo aitwaye Rui anapokufa, Tanjiro anaweka mkono mgongoni mwake, na Giyu, mwindaji mapepo mwenzake, anapoikanyaga nguo iliyobaki, Tanjiro anamwambia aondoe mguu. Huruma ya aina hiyo haihitaji mwanachama wa tano. Inaweza kukaa ndani ya steringi mwenyewe, na kwa kurasa chache nadhani inafanya kazi vizuri kuliko mhubiri aliyepachikwa kwa nguvu.

*Msuguano* ndio unaopungua. Wote wanakubaliana kwamba lori lipigwe. Wanabishana tu nani aanze. Ukienda njia hii tafuta ubishi mwingine: korosho zikishakamatwa zirudi kwa nani? Wakulima walishalipwa, hata kama ni kidogo, na hela imeshalipa ada. Hapo watu watano wanaopenda kupigana wanaweza kukosana vibaya.

*Inamfaa nani.* Mwenye hadithi fupi, au anayechorea watoto, au ambaye hajawahi kumaliza hadithi hata moja na anataka kumaliza hii.

Uchague kwa hali yako

Kama una kurasa zisizozidi ishirini kwa hadithi nzima, njia ya nne au ya tatu. Asiyepigana kabisa anahitaji nafasi ya kudharauliwa kwanza, kisha kueleweka, na kurasa ishirini hazitoshi kwa yote mawili.

Kama unachora mapambano vizuri kuliko unavyoandika maneno, njia ya pili, na anza kwa kubuni silaha au namna ya kupigana inayobeba kiapo chake. Usianze na hotuba ya kwa nini haui. Hotuba hiyo ikiwezekana isitolewe kabisa.

Kama kikosi chako kimeshatoka sura kadhaa na unaona wahusika wote wanaongea sauti moja, mwongeze mtani wa njia ya kwanza. Aje akitokea msibani, maana ndiko watani wanakoonekana, na aanze na kiongozi.

Kama unaandika hadithi ya Majimaji au ya kipindi chochote ambacho watu wa kweli walikufa, kuwa mwangalifu na njia ya pili. Shujaa anayewaangusha askari wa Kijerumani mmoja mmoja bila kumuua yeyote atafanya vita ile ionekane nyepesi. Njia ya kwanza au ya tatu itakuheshimia waliokufa: mama anayeficha mbegu jeshi linapopita likichoma kila ghala, au mganga anayefunga vidonda vya pande zote mbili.

Kama mnaandika wawili au watatu na mnabishana, chukueni tukio moja, lori hili au lenu, kila mmoja alichore kwa njia yake kwa kurasa mbili. Mpeni mtu ambaye hatazami anime kabisa. Muulizeni ni mhusika yupi anataka kujua kesho yake, na mkishajibiwa, mwambieni aeleze ni nani aliyeumia katika kila toleo. Toleo ambalo hawezi kulijibu swali hilo la pili ndilo la kurudia.

Na kama umeshasoma mpaka hapa lakini moyo wako bado unataka yule dada mwenye nywele ndefu anayesimama kati ya majeshi mawili akilia machozi, mchore. Ila ukurasa unaofuata usimwache mtu yeyote kati ya hao wanajeshi aangushe silaha kwa sababu ya machozi tu. Mpe jambo alijualo kuhusu mmoja wao, na alitumie.